Namba Itabaki, na Bei Je?

Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika lake la posta na simu liligawanywa kwa nchi tatu bila mteja yeyote kuulizwa kitu. Wateja wenyewe walikuwa wachache. Simu ilikaa ofisi ya mkoa, hospitali ya misheni, kwa mfanyabiashara mwenye jina, na aliyetaka laini nyumbani kwake alijaza fomu akasubiri miaka. Wengine wote walikwenda posta, wakaandikisha namba wanayoitaka, wakakaa kwenye benchi hadi waitwe kibandani. Mwenye simu aliogopa kukatiwa; asiye nayo aliogopa kutoipata maisha yake yote. Habari ya kampuni mbili kuungana isingemtisha mtu, maana kampuni zenyewe hazikuwepo.

Siku hizi tangazo la muungano likitoka asubuhi, hadi jioni wakala wa mtaani amechoka kuulizwa. Namba yangu itabaki? Salio langu je? Hela zilizomo kwenye simu nizitoe leo leo? Maswali haya yana umri wa miaka thelathini hivi, na ukiyafuatilia tangu yalipoanza utaona kuwa mengi ya yale wateja waliyoyahofia hayakutokea. Lililotokea ni lile ambalo wachache waliliuliza, na waliouliza hawakuwa na dirisha la kuulizia.

Mobitel ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, enzi za simu za kubebwa kwa mkono mzima na gharama iliyomfanya hata tajiri aongee kwa ufupi. Ikafuata Tritel, yenye mtaji wa Malaysia. Tritel haikufika mbali. Madeni yaliizidi, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafungwa, na hakutokea mrithi wa kuwachukua wateja wake wala namba zao. Naitaja mapema kwa sababu katika mijadala ya miungano watu husahau njia ya pili: kampuni ya simu isiyoungana na mwenzake inaweza kufa, na ikifa hakuna wa kumpigia kulalamika.

Kisha wakaja wenye nguvu. Zantel ilizaliwa Zanzibar mwaka 1999, Vodacom ikawasha mitambo Tanzania mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Kenya mwaka 2000 ulikuwa wa Safaricom iliyoanza upya na Vodafone, na wa Kencell ya Wafaransa wa Vivendi na kundi la Sameer. Watu wakaanza kujuana kwa tarakimu nne za mwanzo. Tanzania 0741 ilikuwa ya Mobitel, 0744 ya Vodacom, 0747 ya Zantel, 0748 ya Celtel. Nairobi mtu alikuwa wa 0722 au wa 0733. Tarakimu hizo zilibeba heshima. Fundi aliyepaka namba yake kwenye kibao cha karakana, mama lishe aliyeiandika kwa chaki mlangoni, dalali aliyeichapisha kwenye kadi: hao wote walikuwa wamewekeza. Ndiyo maana mamlaka zilipopanga upya namba Tanzania, 0744 ikawa 0754 na 0748 ikawa 0784, gharama kubwa haikuwa kwenye mitambo. Ilikuwa ya rangi na brashi. Na hapo hakuna kampuni iliyokuwa imeungana na nyingine, ni tarakimu tu zilizobadilika, lakini mteja alijifunza kwamba namba anayoiita yake si yake.

Wakati huohuo kampuni zenyewe zilikuwa zinauzwa juu ya vichwa vya wateja. Mwaka 2004 Vivendi iliondoka Kencell. Mbia wake Mkenya, Naushad Merali, alinunua asilimia 60 ya hisa kwa dola milioni 230 na kuziuza kwa Celtel kwa dola milioni 250, biashara ambayo Nairobi bado inasimuliwa kwa kijicho. Mwaka uliofuata Celtel yenyewe, kampuni aliyoianzisha Mo Ibrahim, ilinunuliwa na MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Mwaka 2008 jina likawa Zain. Mwaka 2010 Bharti ya India ikanunua shughuli za Zain Afrika kwa dola bilioni 10.7, na kabla mwaka haujaisha mabango yakawa mekundu, Airtel. Mkenya wa 0733 ambaye hakuwahi kuhama alipitia majina manne ndani ya muongo mmoja akiwa na laini ileile mfukoni.

Alipoteza nini? Karibu hakuna. Hata alipata. Mwaka 2006 Celtel ilifuta mipaka kati ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa mpango wa One Network: mfanyabiashara wa Namanga au Busia alivuka upande wa pili, akapiga simu kwa bei ya wenyeji, akaongeza salio kwa vocha ya huko. Jambo ambalo serikali tatu zilikuwa zikilijadili kwenye mikutano, kampuni moja ililifanya kwa sababu ilikuwa inamiliki mitandao pande zote. Na Agosti 2010, Bharti ikiwa imeshaingia, Zain Kenya ilishusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika. Mdhibiti wa Kenya alikuwa amekata nusu ya ada ambayo kampuni hulipana kwa kupokea simu za mwenzake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, na vita ya bei ikawaka. Wateja wakachekelea.

Ila kuuzwa na kuungana ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kulikowafanya wengi waamini kwamba kila mabadiliko ya wenye mali hayana madhara. Kampuni ikiuzwa kwa mgeni, idadi ya washindani sokoni haipungui. Kencell ilipogeuka Celtel, Safaricom ilibaki na mpinzani mmoja kama awali, tena mpinzani mwenye hela mpya. Kampuni ikimezwa na jirani yake, anayetoweka ni yule aliyekuwa anamlazimisha mwenzake ashushe bei.

Kabla miungano ya kweli haijaanza, kuna kitu kiliingia ndani ya laini kikabadili hofu yote. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Zikafuata Zantel, Tigo na wengine, kila mtu na huduma yake. Kabla ya hapo, mtu akipoteza laini alipoteza vocha ya elfu moja na namba za ndugu. Baada ya hapo laini ilibeba ada ya shule, mchango wa msiba, mauzo ya siku nzima ya muuza nyanya.

Tazama kibanda cha wakala, ndipo utaelewa. Mezani kuna simu ndogo tatu au nne za vitufe, kila moja ya mtandao wake, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito zisichanganywe. Kuna daftari lenye safu: jina, namba, kiasi, sahihi. Kuna droo ya fedha taslimu. Kazi yote ya wakala ni kusawazisha droo na simu hizo. Floti ya mtandao huu ikiisha wakati droo imejaa, anawarudisha wateja wanaotaka kuweka pesa. Droo ikiwa tupu, anawarudisha wanaotaka kutoa. Kampuni mbili zikiungana, simu mbili kati ya hizo zitakuwa moja. Mtaji uliogawanyika utakusanyika, na hilo ni jema. Lakini wakala aliyekuwa na kamisheni za pande mbili, na mawakala wakuu wawili waliobembeleza ili achukue floti kwao, atabaki na mmoja, na huyo hatakuwa na haraka ya kubembeleza. Sijawahi kuona tangazo la muungano lililomzungumzia wakala, ingawa yeye ndiye anayejibu maswali yote.

Kuhusu pesa zenyewe, sheria imefanya kazi nzuri kuliko sifa inazopewa. Fedha za wateja wa pesa za simu Tanzania hazikai kwenye vitabu vya kampuni; hukaa benki, kwenye akaunti ya dhamana iliyotengwa na mali ya kampuni, chini ya jicho la Benki Kuu. Kampuni ikiuzwa, fedha hizo haziuzwi. Watanzania walipata ushahidi wa hilo mwaka 2014, pale Tigo Pesa ilipoanza kuwagawia wateja riba iliyotokana na akaunti hiyo. Mtu aliyekuwa na salio dogo alipokea ujumbe kwamba ameongezewa vijisenti, akashangaa, kisha akaelewa kwamba hela iliyomo ni yake hata inapolala.

Muungano mkubwa wa kwanza kuwagusa watu wa kawaida eneo hili ulikuwa Uganda, mwaka 2013, Airtel ilipoinunua Warid. Warid ilipendwa kwa Pakalast, kifurushi cha kuongea utakavyo na wenzako wa mtandao huo kwa malipo ya siku moja, na vijana wa Kampala walikuwa wakiongea hadi betri inazima. Namba za 070 zilibaki, wala hakuna aliyetarajia vingine. Walichouliza ni Pakalast. Kwangu mimi huo ndio wakati wateja wa Afrika Mashariki walipouliza swali lililo sahihi mapema kuliko wataalamu: wao walijua kwamba walichokuwa wamenunua kwa Warid hakikuwa mtandao, kilikuwa bei.

Kenya ikafuata mwaka 2014 kwa namna ya ajabu kidogo. Kampuni ya Essar, iliyokuwa na mtandao wa yu, ilichoka kupata hasara ikauza kila kitu kwa vipande. Wateja, zaidi ya milioni 2, walikwenda Airtel. Minara na mitambo ikaenda Safaricom. Mwenye namba ya 0750 aliamka siku moja akiwa mteja wa Airtel, namba ileile, simu ileile. Magazeti yalijaza kurasa kwa habari ya wateja wataishia wapi. Kilichostahili kujadiliwa zaidi ni kwamba kampuni ambayo tayari ilikuwa kubwa kuliko wote kwa mbali ilikuwa imeongezewa minara, na kampuni ya bei ya chini ilikuwa imetoka sokoni. Kongo, Orange iliinunua Tigo mwaka 2016 kwa dola milioni 160. Rwanda, Airtel iliichukua Tigo mwaka 2018, nchi ikabaki na kampuni mbili.

Sasa Zantel, ambayo nadhani inafundisha kuliko zote. Kwa Wazanzibari Zantel haikuwa kampuni tu. Serikali yao ilikuwa na hisa, makao yalikuwa kwao, na 0777 ilikuwa utambulisho. Mtu akikupa namba inayoanza hivyo ulijua ametokea Unguja au Pemba, au ameoa huko. Ilipovuka bahari kwenda bara iliazima minara ya Vodacom, na huko haikuwahi kushika mizizi kama visiwani. Etisalat ya Falme za Kiarabu, iliyokuwa mmiliki mkuu, ilizama kwenye hasara. Mwaka 2015 Millicom, wenye Tigo, waliichukua asilimia 85 ya Zantel. Bei ya hisa hizo ilikuwa dola 1. Si milioni moja, ni dola moja, pamoja na kubeba deni la dola milioni 74. Serikali ya Zanzibar ikabaki na asilimia 15.

Bei hiyo inasema yote kuhusu nguvu aliyokuwa nayo muuzaji. Tume ya Ushindani nayo ingefanya nini? Ingezuia, Zantel ingeenda njia ya Tritel. Ikaruhusu, na kwa miaka kadhaa majina mawili yakaendelea kukaa chini ya mmiliki mmoja kabla shughuli hazijaunganishwa. Mteja wa Unguja alipata kitu halisi: akifika Mwanza au Mbeya, sasa alikuwa na minara ya Tigo nyuma yake. Alichokipoteza ni kigumu zaidi kukionyesha kwa kidole. Tigo na Zantel walikuwa wakigombea mifuko ya watu walewale, na wakala wa Darajani alikuwa akiona kila mmoja akija na ofa ya kumzidi mwenzake. Mwenye duka mmoja hajigombanishi na nafsi yake.

Kenya ilijaribu tena Februari 2019, safari hii Airtel na Telkom. Hoja ilikuwa nzuri kwenye karatasi: wadogo wawili waungane wapate nguvu ya kupambana na Safaricom. Wateja wa Telkom, waliozoea bando za intaneti za bei nafuu, waliuliza juu ya bando. Wafanyakazi waliuliza juu ya ajira, na walikuwa na sababu, kwani mamia walipewa taarifa ya kupunguzwa. Safaricom ikapeleka pingamizi lake kwa mdhibiti. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ikaingia kuchunguza mali ya umma iliyokuwa ndani ya Telkom. Mamlaka ya Ushindani ikaruhusu mwishoni mwa 2019 lakini ikafunga masharti mengi shingoni. Agosti 2020 wenyewe wakasema basi.

Wapo walioshangilia kwamba ushindani umeokolewa. Yaliyofuata hayakuwapa haki. Telkom iliendelea kudhoofika, wateja wakapungua, na mwaka 2023 watu walikaa bila mtandao sehemu nyingi kwa sababu ya mgogoro wa malipo na kampuni yenye minara. Mteja wa Telkom aliyekuwa amehofia muungano utampandishia bei alijikuta na bei nafuu ya huduma isiyoshika. Kwa hiyo siwezi kuandika hapa kwamba miungano izuiwe. Zantel iliruhusiwa, Telkom ilikwama, na katika kesi zote mbili kampuni ya pembeni haikusimama tena kwa miguu yake.

Kuna tofauti moja, nayo iko kwenye namna watu wanavyopaza sauti. Aprili 2021 Watanzania waliamka wakakuta vifurushi vimepanda. Kelele zilizopigwa siku hiyo zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali iliingilia na bei zikarudishwa zilivyokuwa. Mwezi huohuo, Aprili 2021, Millicom ilitangaza kwamba inaiuza Tigo Tanzania, kampuni ya mamilioni ya wateja, kwa kundi linaloongozwa na Axian ya Madagascar. Habari hiyo ilipita kurasa za biashara ikaishia hapo. Tukio la kwanza lilihusu bei ya wiki hiyo, na la pili lilihusu nani atapanga bei kwa miaka kumi ijayo. Wateja walikuwa macho kwa lile la kwanza kwa sababu lilionekana kwenye simu zao, na sidhani kama ni haki kuwalaumu. Hakuna mtu anayesoma taarifa ya hisa akiwa kwenye daladala.

Umiliki ulihama mwaka 2022. Jina Tigo lilikuwa mali ya Millicom, kwa hiyo lilikuwa na siku zake. Novemba 2024 Tigo na Zantel zote zikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Wakala akapewa fulana mpya, ukuta ukapakwa rangi mpya. Maswali yakarudi yaleyale: namba, salio, pesa. Majibu nayo yaleyale: zipo, lipo, zipo. Mzee wa 0777 bado ana 0777.

Njia za kujikinga zipo, ila hazitumiki inavyodhaniwa. Kenya iliruhusu kuhama mtandao na namba yako tangu 2011, Tanzania tangu Machi 2017. Ilitarajiwa kwamba mteja asiyeridhika angehama kwa vitendo. Wengi hawakuhama, kwa sababu namba inahama lakini pochi ya pesa haihami nayo: historia yako ya mikopo midogo ya simuni, kikomo chako, mazoea ya wanaokutumia, vyote unaviacha nyuma. Iliyosaidia zaidi ni kule kampuni za Tanzania kukubali kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao, zikianza mwaka 2014 na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Siku hiyo mtu aliweza kubaki kwenye mtandao mdogo bila kutengwa na ndugu zake, na mtandao mdogo ukawa na sababu ya kuendelea kuwepo.

Walio sokoni Tanzania sasa ni Vodacom, Yas, Airtel, Halotel iliyoingia mwaka 2015 na mtaji wa Vietnam, na TTCL. Ukitafuta muungano ujao unaweza kutoka wapi, angalia hisa. TTCL ni ya serikali yote. Airtel, baada ya mvutano uliomalizika mwaka 2019, serikali ina asilimia 49. Na kampuni hizi mbili zina udugu wa zamani: mwaka 2001 wawekezaji wa Celtel walichukua asilimia 35 ya TTCL na kuanzisha mtandao wa simu za mkononi ndani yake, hadi zilipotenganishwa mwaka 2005. Hoja ya kuzirudisha pamoja ingeandikika kwa urahisi, na ingekuwa na lugha ileile ya wadogo kupata nguvu. Siku hiyo ombi lingepelekwa na kampuni ambazo serikali ina hisa katika zote mbili, likasikilizwa na tume ya serikali, likapata kibali cha masafa kutoka mamlaka ya serikali. Mteja wa bando la elfu moja angekaa upande gani wa meza hiyo?